Tembe la Kwihara na Mzigo Uliopita Ugogo



Juma hili tunawaalika kuizungumzia nyumba moja ya udongo. Nyumba hiyo iko Kwihara, kilomita zipatazo sita kutoka Tabora mjini, upande wa kusini-magharibi, na watu wengi huiita Tembe la Livingstone. Serikali inaitunza kama makumbusho. Tuliitembelea pamoja na makatekista na vijana wa parokia, tukitokea hapa Manyoni na kupitia Itigi, na tangu turudi tumeulizwa na wengi tulikwenda kutafuta nini huko. Jibu letu ni kwamba katika nyumba ile, mwezi wa Oktoba mwaka 1873, ilisemwa habari iliyotuhusu sisi watu wa Ugogo, tena kwa jina la nchi yetu, na waumini wetu wengi hawajapata kuisikia.

Tuanze na njia. Leo mtu akitoka Manyoni asubuhi kwa gari hufika Tabora siku ileile, na kwa lami asipopata shida yoyote hata hakumbuki aliyoyaona njiani. Lakini pori lile tunaloliacha dirishani baada ya Itigi ndilo lililowatisha wasafiri wa karne ya 19 kuliko mahali pengi kati ya pwani na Tanganyika. Waliliita Mgunda Mkali. Mgunda kwa Kinyamwezi ni shamba, na ukali wake ulikuwa ukame, vichaka vya miiba vilivyosongamana, na njaa. Waingereza Richard Burton na John Speke walilivuka mwaka 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba. Misafara ilikuwa na mwendo maalumu kwa ajili ya sehemu kama hizo, nao uliitwa tirikeza: watu hunywa na kujaza vibuyu adhuhuri, huondoka jua likiwa bado kali, hutembea hadi giza, hulala pasipo maji, na alfajiri huondoka tena ili wafike kisima cha mbele kabla nguvu hazijawaishia. Mpagazi alifanya hayo huku akiwa na mzigo wa karibu frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30.

Upande wa mashariki wa pori hilo ilikuwa nchi ya Wagogo, na huko kulikuwa na hongo. Neno hili leo linanuka; ukilitamka ofisini watu hugeuka kutazama. Wakati ule lilikuwa ushuru ambao mtemi aliutoza msafara kwa kupita katika nchi yake, kunywa maji yake na kununua chakula cha watu wake, nao ulilipwa kwa nguo: doti za merekani, kaniki, na vitambaa vya rangi. Wazungu wote waliopita hapa na kuandika vitabu wamewalalamikia Wagogo kwa ajili ya hongo, wakawaita wachoyo na wenye kiburi. Nasi tuna neno la kusema juu ya hilo. Visima vya Ugogo vilichimbwa kwa mikono ya Wagogo, na msafara wa watu mia tano uliweza kukikausha kisima kimoja kwa asubuhi moja, kisha ukaondoka, ukawaacha wenyeji na ng'ombe wao wakisubiri maji yapande tena. Aliyetaka ushuru kwa jambo hilo hakuwa mnyang'anyi.

Basi tulipofika Kwihara, tuliikuta nyumba ikiwa mahali pa utulivu, nje ya kelele za mji, yenye kuta nene za udongo zilizopakwa rangi nyekundu iliyoiva, paa la bapa, na mlango wa mbao uliochongwa nakshi za kipwani. Mmoja wa makatekista wetu, mzee ambaye alizaliwa katika tembe la Kigogo na kulihama akiwa kijana, alisimama mbele yake kwa muda, kisha akasema kwamba hii ni nyumba ya babu yake, ila mlango ndio wa Mwarabu. Tulicheka, lakini mzee alikuwa amesema ukweli ambao kitabu kizima kingeweza kuuzungukia bila kuugusa. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliopanda kutoka pwani hawakuleta paa la makuti wala ghorofa za mawe ya matumbawe. Walichukua ujenzi wa bara, ule wa boriti zilizolazwa, fito juu yake, majani, na udongo uliopigwa ukashikamana, wakaongeza ukubwa wa vyumba, baraza ya kuzungumzia na mlango wa heshima. Mjengo ule ni wetu na wao kwa pamoja. Vijana wetu wengi walikuwa hawajapata kuingia ndani ya tembe, kwa kuwa vijijini kwetu mabati yamekwisha kuyafuta, na ilituhuzunisha kidogo kwamba wamelijua tembe kwa mara ya kwanza katika makumbusho.

Yafaa tuseme wazi kwamba kuta zile tulizozigusa si zote zile za zamani. Nyumba ya udongo isipokaliwa huanguka, na hiyo ilianguka. Ilijengwa upya katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, palepale ilipokuwa na kwa umbo lilelile. Hilo halikutusumbua. Kila tembe hukarabatiwa kila masika, na tembe la miaka ishirini lina udongo mpya zaidi kuliko wa kale.

Ndani yake mna picha, nakala za barua na maandishi ya wasafiri, na vitu vya kukumbusha biashara ya watumwa. Mlezi wa mahali alitupokea vizuri, akatueleza kwa utaratibu. Maelezo yenyewe, kama ilivyo katika makumbusho mengi ya namna hii, yanawafuata Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, nasi hatuna budi kuwafuata kwanza ili tufike tunakokwenda.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, ambaye ulimwengu ulikuwa umempoteza. Liwali wa Sultani wa Unguja katika nchi hiyo alikuwa Said bin Salim, mtu ambaye miaka 14 kabla alikuwa ameuongoza msafara wa Burton na Speke kutoka pwani. Yeye ndiye aliyempokea Stanley na kumpatia mahali pa kukaa hapo Kwihara. Stanley alidhani angepumzika kidogo na kuendelea hadi Ujiji. Haikuwezekana. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia kwa kuwa Waarabu walikuwa wakimzuia kupata sehemu yake katika biashara ya pembe. Stanley akajiingiza katika vita hivyo upande wa Waarabu, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, na mwezi Agosti wakapigwa vibaya. Mirambo akaingia Tabora na kuchoma nyumba. Stanley akarudi mbio Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akasubiri. Mirambo hakumjia. Mnamo Septemba 20 msafara ukaondoka kwa njia ya kusini, ukizunguka mbali, na mwezi Novemba, kwa hesabu yake mwenyewe, Stanley akamkuta Livingstone pale Ujiji. Mwenzake Stanley, baharia John Shaw, alishindwa njiani kwa ugonjwa, akarudishwa Kwihara na kufia hapo. Kaburi lake lipo karibu na tembe.

Tarehe 18 Februari 1872 wote wawili, Stanley na Livingstone, waliingia Kwihara. Stanley alikaa chini ya mwezi mmoja, akaondoka Machi 14. Livingstone alibaki katika nyumba ile akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Akasubiri miezi mitano. Alitimiza miaka 59 akiwa hapo. Wapagazi 57 walifika Agosti 14, na tarehe 25 Agosti akaondoka nao kuelekea kusini, asirudi tena akiwa hai.

Hapa tunaomba mtuvumilie tusimame kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo halikai vizuri moyoni. Livingstone alikuwa adui mkubwa wa biashara ya watumwa. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe katika nchi ambayo leo ni Kongo, alishuhudia kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni, na wengine wakazama mtoni wakikimbia. Aliandika habari hiyo. Alipoagana na Stanley hapo Kwihara alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa kwa lakiri, pamoja na barua nyingi. Maandishi hayo yaliposomwa Uingereza yalizidisha shinikizo ambalo lilimfikisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Tena mtu huyu aliandika na kusali chini ya paa alilopewa na watu ambao utajiri wao ulitokana na pembe na watumwa, akila ukarimu wao, na bila ukarimu huo pengine angekufa mapema zaidi. Minyororo na barua vimewekwa katika nyumba moja. Kijana mmoja wa kwetu aliuliza kama Livingstone hakuona haya. Tulimjibu kwamba yeye mwenyewe aliiandika shida hiyo, lakini swali lake ni zuri, na tumeliacha wazi.

Sasa tufike Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amefariki mwanzoni mwa Mei mwaka huo, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye Mto Zambezi. James Chuma, Myao ambaye akiwa kijana mdogo aliokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa Nasik huko India. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na hivyo kujua kidogo kazi ya miili. Amoda na mkewe Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Na wengine hadi kufikia watu zaidi ya sitini, wanaume, wanawake na watoto. Walikuwa Wakristo na Waislamu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua kwa siku 14, wakauvika nguo, wakautia katika gome la mti na kuuning'iniza kwenye mti mrefu wa kubebea. Hakuna mtu aliyewaamuru. Hakuna aliyewaahidi ujira wa kazi hiyo, na kila mmoja alijua kwamba kusafiri na maiti katika nchi za watu ni kujitafutia shari.

Walitembea miezi mitano hadi Unyanyembe. Walipokaribia walisikia kwamba kuna Wazungu Kwihara, wakadhani ni mwana wa Livingstone, Oswell, kwa kuwa habari zake ziliwahi kufika. Jacob akaandika barua, Chuma akatangulia nayo. Kumbe Oswell alikuwa amekwisha rudi kwao. Aliyekuwapo ni Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akiwa amelala hoi kwa homa na macho yamemvimba hata haoni sawasawa, pamoja na wenzake Dillon na Murphy. Nao walikuwa wamepangiwa nyumba ileile. Hivyo mwezi Oktoba 1873 Livingstone aliletwa tena Kwihara, mahali alipotoka miezi 14 kabla, safari hii akiwa amebebwa.

Cameron aliwauliza kama haingekuwa busara kumzika hapohapo. Sababu aliyoitoa ni ile tuliyoigusa mwanzoni: hatari ya kuupitisha mwili ule katika nchi ya Ugogo. Wapendwa, tuliposomewa habari hiyo makatekista walitazamana. Hatari iliyokuwa ikizungumzwa ni babu zetu. Afisa wa Kiingereza, mgonjwa chumbani Unyanyembe, aliwafikiria watu wa visima na hongo walioko ng'ambo ya Mgunda Mkali, akaona haitawezekana.

Susi, Chuma na wenzao walikataa. Walisikiliza kwa adabu, wakakataa. Hawakuwa na cheo chochote mbele ya Cameron. Yeye ndiye mwenye serikali nyuma yake, naye alikuwa na uwezo hata wa kuzichukua ala nyingi za kupimia za marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, na akazichukua bila wao kupenda. Lakini juu ya mwili hakuwashinda. Walisema bwana wao atazikwa kwao. Msomaji wa Maandiko atakumbuka jinsi Yosefu alivyowaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake kutoka Misri, na jinsi Musa alivyoibeba usiku wa kutoka. Tofauti ni kwamba watu hawa hawakuapishwa na mtu yeyote.

Kwa maoni yetu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote yaliyotokea Kwihara. Kukaa kwa Stanley miezi mitatu, vita vyake visivyo na maana, hata miezi ya Livingstone ya kusubiri, yote ni mambo ya wageni waliokwama njiani. Uamuzi wa Oktoba 1873 ulikuwa wa Waafrika waliosimama mbele ya mtu mwenye mamlaka na kumwambia hapana, kisha wakainua mzigo na kuondoka. Nyumba ingeweza kuitwa kwa jina lao bila kumkosea mtu heshima.

Mashaka ya Cameron, hata hivyo, hayakuwa ya bure kabisa. Walipofika Kasekera, si mbali sana kutoka Unyanyembe, wenyeji walikataa maiti isipite. Hapo pia Dk. Dillon, aliyekuwa akirudi nao pwani, alipoteza maisha akiwa amechanganyikiwa kwa homa. Wapagazi wakafanya shauri. Walitangaza kwamba wamekubali kurudi kumzika Unyanyembe. Usiku waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya, mfupi na mnene, kwa nguo na kamba, hata ukawa kama robota la kawaida la bidhaa. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa umbo la maiti na kuyavika nguo, na watu sita wakayabeba kwa heshima zote kurudi walikotoka, kijiji kizima kikiwaona. Walipofika mbali porini waliyatawanya mabua yale moja moja, wakakata njia kupitia msituni na kuwafuata wenzao. Tangu hapo Livingstone alisafiri akiwa mzigo miongoni mwa mizigo.

Ndivyo alivyopita kwetu. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1873 na ya kwanza ya 1874, msafara ule uliliacha Mgunda Mkali nyuma na kuikata Ugogo kuelekea pwani. Yamkini watoza hongo wetu walilihesabu robota lile pamoja na mengine, wakalipigapiga kwa fimbo, wakaridhika. Hakuna vita vilivyotokea, hakuna mzigo ulionyang'anywa. Kifo kimoja cha safari hiyo tungependa kikumbukwe. Mtoto wa kike wa miaka kama kumi, aliyekuwa akitembea katika mstari na mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka mkubwa aliyekatiza njia, akafa ndani ya dakika chache. Alizikwa kando ya njia. Huyo naye alikuwa mmoja wa waliombeba Livingstone, kwa kuwa waliobeba mwili walikunywa maji aliyoyabeba yeye.

Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na misheni hapo tangu mwaka 1868, waliupokea mwili, nao ulilala katika kanisa lao ambalo mnara wake hadi leo unaitwa Mnara wa Livingstone. Safari nzima ilikuwa ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Kisha wakaja watumishi wa serikali ya Uingereza, wapagazi wakalipwa ujira wao na kuachwa waende zao. Meli iliondoka na mwili, na kati ya wabebaji wote ni Jacob Wainwright pekee aliyesafiri nao, kwa gharama za wamisionari wa Kianglikana. Alikuwa mmoja wa walioshika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo, mazishi yakiwa yamekwisha, wakaletwa na rafiki wa marehemu aliyejitolea kuwalipia. Walikaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, wakamsimulia yote. Habari ya mabua ya mtama tuliyowapeni hapo juu ilitoka vinywani mwao. Kama rafiki yule asingewalipia nauli, tungekuwa tunalijua jeneza la Westminster na kutojua lolote juu ya Kasekera.

Chama cha Jiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya waliobeba, lakini zilipofika Unguja wengi wao walikuwa wametawanyika. Chuma alifariki mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akachagua jina la David, akafariki Unguja mwaka 1891. Nyumba alimozaliwa Livingstone, huko Blantyre katika Scotland, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929. Kuna jengo la kumbukumbu yake Ujiji, kuna mnara Bagamoyo, kuna Kwihara. Hatusemi kwamba anaheshimiwa kupita kiasi. Tunasema kwamba ukitembea kutoka nyumba moja hadi nyingine kati ya hizo za kwetu, unatembea kwa miguu ya watu wengine, na majina yao lazima uyaulizie.

Njia ileile ilitumiwa na wamisionari wetu Wakatoliki muda mfupi baadaye. Mapadre Weupe wa kwanza, watu kumi, waliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Padre Joachim Pascal, aliyewekwa kuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifariki Agosti mwaka huo kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki waligawanyika Tabora, wengine wakaelekea Uganda pamoja na Padre Livinhac, wengine Ujiji. Nao pia walibebewa mizigo.

Sasa neno juu ya kwetu. Mwaka 2006 serikali yetu iliipeleka UNESCO, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde ni hapa hapa, wilayani Manyoni, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali misafara ilipopanda kutoka tambarare za Ugogo kabla ya kulikabili pori. Wajerumani walijenga boma lao hapo katika miaka ya 1890, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imepita Manyoni, ikaiacha Kilimatinde mlimani kwake, na biashara ikashuka kwenye stesheni. Basi katika orodha ile Kilimatinde na Kwihara zimekaa sentensi moja, zikiwa na heshima sawa. Lakini tuliwauliza vijana ndani ya gari, tukiwa tunarudi, ni wangapi wamewahi kufika Kilimatinde kwa nia ya kutazama historia. Walikuwa wamefika kwa mazishi, kwa mnada wa ng'ombe, na kwa hospitali.

Tumekubaliana kuanza na maji, kwa kuwa njia ya misafara ilifuata maji, na aliyekijua kisima aliijua njia. Vijana wawili wamepewa daftari, na kila Jumapili baada ya Misa huwauliza wazee wa Kilimatinde na vijiji vya jirani majina ya visima vya zamani, nani alivichimba, na nani aliruhusiwa kunywesha ng'ombe hapo. Hadi juma hili wameandika majina saba, na kwa mawili kati yake wazee bado wanabishana.